Dadu imesema 4, haya stori inaenda wapi?

Meseji zimejaa wadau wa gemu za kuigiza mezani, zile ambazo kila mchezaji ana mhusika wake, msimulizi anaendesha stori na dadu inaamua, na karibu zote mwezi huu zinaulizia dadu. Kurusha kila mtu anajua, shida inakuja pale namba ishadondoka mezani, watu wanne wanakuangalia wewe msimulizi na huna la kusema. Nimechukua maswali manane, mengine nimeyafupisha maana kuna watu mnaandika jamani. Yule wa dadu zenye laana nimekuweka mwisho, vumilia.

SWALI: Mkuu habari za kazi. Mi ni mgeni kwenye kuendesha gemu za kuigiza mezani, nina vikao vitatu tu. Juzi wachezaji wangu walifika kwenye mlango chini ya mnara, umefungwa. Mwizi wa kundi akarusha dadu afungue kufuli, akapata 4, nikamwambia umeshindwa. Akaja mwenye misuli auvunje, 6, kashindwa. Wakarudia tena wote. Dakika ishirini tuko mlangoni na kila nilichoandaa kiko ndani ya huo mnara! Mwisho nikasema mlango umefunguka wenyewe, wakaangua kicheko. Nilikosea wapi?
(Wa vikao vitatu)

JIBU: Pole, hilo limetukuta wote. Ulikosea kabla dadu haijagusa meza. Uliiuliza dadu "mlango utafunguka au hautafunguka?" na wakati huohuo moyoni ulikuwa na jibu moja tu unaloweza kulipokea, maana usiku mzima uko nyuma ya huo mlango. Dadu ikajibu lile lingine. Sasa usiulize swali ambalo jibu lake moja hulitaki, hiyo ndo sheria pekee ninayoifuata kila kikao na nyingine zote navunja nikijisikia.

Kama lazima waingie, basi kufunguka kusiwe ndo swali. Swali liwe wanaingia kwa gharama gani. Ile 4 ya mwizi ingekuwa hivi: kufuli limeachia, ila waya wake umekatikia humo ndani na hana mwingine. Au limeachia kwa mlio mkubwa, na juu kabisa kwenye dirisha la mwisho taa ambayo haikuwepo imewaka. Mi hiyo ya taa ndo naipenda kuliko zote, kwa sababu hakuna aliyeumia, hakuna aliyepoteza kitu, lakini kuanzia hapo wanapanda ngazi wananong'ona, wanaulizana nani kawasha, na wewe hata bado hujui nani kawasha, una ngazi nzima ya kufikiria.

Kuna gemu zimeliweka hili ndani ya namba zenyewe. Apocalypse World ya mwaka 2010 unarusha dadu mbili za pande sita unajumlisha, 10 kwenda juu umepata ulichotaka, 7 mpaka 9 umepata lakini kuna kitu kinakugharimu, 6 kushuka chini msimulizi anakufanyia lake. Ukipiga hesabu bila nyongeza yoyote (namba inayojumlishwa kwa ustadi wa mhusika), kupata kwa gharama ni asilimia 42 hivi na kupata bure ni kama 17 tu, yaani gemu yenyewe inakusukuma kwenye yale majibu ya "ndiyo, lakini" ambayo ndo yanazaa stori. Halafu angalia kitu kizuri, mpe mhusika nyongeza ya 2, kufeli kunashuka mpaka 17, kupata bure kunapanda mpaka 42, na ile ya katikati inabaki palepale 42. Fundi anafeli mara chache, ila gharama inaendelea kumfuata kama kivuli.

Na kurudia rudia kurusha, kataza. Dadu moja inasimama kwa juhudi zote za mwizi wako usiku huo, sio kwa sekunde kumi za kwanza. Kapata 4? Basi hilo kufuli hana ubavu nalo mpaka kitu kibadilike, apate funguo, apate mafuta ya kulainisha, amkamate mlinzi. Ukiruhusu warudie mpaka wapate, dadu haina kazi, wape tu mlango mchezo uendelee.

Ila usije ukatoka hapa ukageuza kila namba mbovu kuwa balaa jipya. Niliwahi kuwa na huo ugonjwa. Mtu anapanda ukuta anateleza, kamba inakatika, kamba inamwangukia mbwa, mbwa anaamsha kijiji, na kufika saa ya pili wachezaji hawajui hata walikuwa wanaenda wapi. Kukiwa na njia nyingine ya wazi, kushindwa tupu ni sawa kabisa. "Ukuta una utelezi, hupandiki. Kuna lile lango la nyuma mliloliona asubuhi." Basi, mnasonga.

SWALI: Kaka nikuulize kwa siri. Huwa narusha nyuma ya skrini, kile kizuizi cha mezani kinachoficha dadu zangu, na mara mojamoja nasema namba ambayo siyo. Wiki iliyopita jini kubwa nililoliandaa mwezi mzima lilikuwa linakufa raundi ya pili, nikawa nasema limekwepa. Ni dhambi?
(Wa nyuma ya skrini)

JIBU: Kuna wasimulizi wazuri tu wanafanya na wanakwambia stori ndo bosi. Mi nimeacha, na sikuacha kwa sababu ya uadilifu, niliacha kwa sababu nilikamatwa. Nilikuwa namlinda mkuu wa maharamia wangu, naangalia dadu ya shambulio dhidi yake inasema 19, nasema "amekosa, 8." Mchezaji mmoja hakusema neno. Kikao kilichofuata akawa hashangilii tena, hata akipata namba nzuri anaangalia uso wangu kwanza badala ya dadu. Hapo nikajua nimeharibu kitu ambacho hakirudi kwa kuomba radhi, maana raha yote ya ile namba ni kwamba hakuna mtu mezani anayeimiliki, hata wewe.

Siku hizi narusha peupe, katikati ya meza. Na kama kuna jambo siko tayari litokee, siruhusu dadu iliamue, narudi kulekule kwa mwenzako hapo juu. Jini lako kufa raundi ya pili sio msiba. Wachezaji watalisimulia hilo miaka, "tulilimaliza kabla halijamaliza kujitambulisha." Kazi yako inahamia kwingine: nani alikuwa analiogopa jini hilo na sasa haogopi tena? Nani alikuwa analilisha? Ukitaka vita virefu ongeza askari kabla ya vita, au lipe sababu ya kukimbia likiwa limeumia nusu. Hivyo vyote ni vya kwako kupanga, hakuna anayekudai. Namba iliyokwisha kudondoka tu ndo sio yako.

SWALI: Mchezaji wangu kila akipata 20 kwenye dadu ya pande 20 anataka muujiza. Juzi kamwomba mfalme ampe ufalme, karusha, ikaja 20 kweli, meza nzima ikaruka. Nikabaki mdomo wazi.
(Mfalme asiye na kiti)

JIBU: Haha. Kwanza hiyo 20 inakuja mara moja kwenye ishirini, asilimia 5, kwenye kikao cha marusho arobaini utaiona kama mara mbili. Sasa ufalme ukiwa unapatikana kwa asilimia 5, kila mwombaji wa pale getini angeshatawazwa.

Kwa wanaocheza gemu ya Dungeons & Dragons (D&D), watu wengi hawasomi vizuri: toleo la tano la 2014 linasema 20 ni kupata moja kwa moja kwenye shambulio, kwenye kushawishi au kupanda ukuta haisemi hivyo. Lakini achana na kitabu. Kabla hajarusha ungemwambia, "ukipata vizuri kabisa, mfalme atadhani ni utani mtamu na atakupenda, ukipata vibaya atadhani ni tusi." Hapo kashajua anachezea nini. Ile 20 inakuwa mfalme kacheka mpaka machozi, kamkalisha karibu yake kwenye karamu, na mrithi halali wa ufalme yuko upande wa pili wa meza anamtazama hacheki. Umempa mchezaji ushindi mkubwa, umepata na adui wa bure.

Tabia ya kutaja dau kwanza nakusihi ujifunze hata kama kwingine kote utanipuuza. Sentensi mbili tu kabla ya kurusha. Wengine wanaogopa eti inaua mshangao, mi naona kinyume, mtu akijua kuwa hiyo dadu ikienda vibaya farasi wake anabaki ng'ambo ya mto, utaona anavyoikumbatia mkononi kabla ya kuiachia.

SWALI: Kwa nini kundi langu haliwezi kunyata hata siku moja? Wako watano, wote wanajua kunyata vizuri tu, na kila mara wanakamatwa.
(Wanyata hovyo)

JIBU: Hii ni hesabu, hakuna mchawi. Tuseme kila mmoja ana uwezekano wa asilimia 70, ambao ni mzuri. Ukitaka wote watano wapate, ni 0.7 mara yenyewe mara tano, inakuja kama asilimia 17. Umewaambia "nyie ni wazuri wa kunyata" halafu umewapa mtihani ambao wanafeli mara tano kwenye sita.

Na upo upande wa pili ambao hakuna anayelalamika. Unauliza "nani anakijua hiki kitabu cha kale?" wote watano wanarusha, kila mmoja ana asilimia 30 tu, lakini anatosha mmoja. Uwezekano wa angalau mmoja kujua ni asilimia 83. Kwa hiyo kundi lako la wajinga linajua kila kitu, na kundi lako la wezi linagonga kila sufuria. Yaani bila kujua, idadi ya dadu ndo iliyoandika tabia za wahusika wako, sio wewe.

Dawa yake ni rahisi. Kwenye kunyata, kundi linapita kama nusu au zaidi wamepata. Kwa watu watano maana yake watatu, na ukiwa na zile 70 uwezekano unaruka mpaka kama asilimia 84. Na hapo ndo utamu: wawili waliofeli, waulize waliopata wamewabebaje. "Wewe umekanyaga tawi kavu, nani kakuokoa?" Mmoja atasema nilimziba mdomo, mwingine atasema nilitupa jiwe upande ule. Unakuta watu wawili ambao wahusika wao walikuwa hawasemeshani wana kumbukumbu ya pamoja. Na kwenye kitabu cha kale, arushe mmoja tu, yule ambaye maisha yake yana sababu ya kukijua, wengine wakae.

Ukirusha mara nyingi kwa jambo moja ni hivyohivyo. Walinzi watano, dadu kwa kila mlinzi, hata kwa asilimia 75 kila mmoja mtu anafika mwisho salama mara moja kwenye nne. Chora duara lipasue vipande vinne, kila kosa jaza kipande, likijaa ndo king'ora. Nimeitoa Blades in the Dark, gemu ya 2017, na naitumia kwenye gemu yoyote ile, iwe mafuriko yanapanda, iwe mume anaanza kushtukia. Liweke duara hadharani walione. Vipande vitatu vikishajaa hutahitaji kuelezea hofu.

SWALI: Mhusika wangu ni mpiga mishale bora wa nchi nzima, hivyo ndo tulivyokubaliana na msimulizi. Nikipata 2 anasema "mshale umekuponyoka umejichoma mguuni" watu wanacheka. Mi sicheki.
(Bingwa wa kuchekwa)

JIBU: Na una haki usicheke dada. Mwonyeshe msimulizi wako hii. Dadu ya pande 20 ni tambarare, 2 inakuja sawasawa na 11 na sawasawa na 19, kwa hiyo hata bingwa atakutana na namba za chini kila kikao. Ukisimulia kila moja kama uzembe, baada ya miezi mitatu bingwa amekuwa mchekeshaji na mwenye mhusika hakuombwa ruhusa.

Ile 2 haisemi umepiga vibaya. Inasema hukupata ulichotaka, sababu hawajaitaja, jaza mwenyewe. Upepo wa bondeni umegeuka dakika hiyohiyo. Adui naye ni bingwa, ameusikia uzi wa upinde ukiachia. Umelenga sawa, mshale umefika sawa, umekutana na dirii chini ya joho ambayo hakuna aliyejua anaivaa, na sasa mnajua, na mnajiuliza nani kamwambia leo avae. Fundi anashindwa kwa sababu dunia ni ngumu, mgeni ndo anashindwa kwa sababu hajui. Kwa mgeni sawa, mwangushe kwenye matope, wengine wanapenda kabisa, waulize.

Wanaokerwa na huo utambarare wanaweza kuhamia gemu za dadu tatu za pande sita. Wastani ni uleule, 10.5, ila hapo namba 9 mpaka 12 zinakuja karibu nusu ya marusho yote, wakati kwenye dadu ya 20 ni mara moja kwenye tano. Ubingwa unaonekana zaidi, mishangao inapungua. Mi binafsi bado napenda ile ya ishirini, na wakati mwingine najuta.

SWALI: Mimi swali langu dogo. Huwa sijui maadui watafanya nini, mwisho kila mkutano unakuwa vita.
(Kila siku vita)

JIBU: Rusha na wewe! Hii iko kwenye D&D ya zamani, toleo la 1981, watu wameisahau. Kundi linakutana na viumbe, msimulizi anarusha dadu mbili za pande sita. 2 wanashambulia hapohapo, 3 mpaka 5 wana uadui, 6 mpaka 8 hawaeleweki, 9 mpaka 11 hawataki vita, wanaondoka au wanasikiliza ofa, 12 wanawapenda kupita maelezo. Vita ya papo hapo ni mara moja kwenye 36, na hiyo ya kutoeleweka ndo inakuja zaidi, kama asilimia 44.

Sasa kazi tamu ni kueleza kwa nini. Majambazi wa daraja, dadu inakuja 11. Kwa nini majambazi wawe wapole? Labda wamechoka, labda mkubwa wao ana homa kali na wanatafuta mganga. Hukuwa na hiyo stori dakika moja iliyopita. Juzi nilipata 12 kwa fisi wa makaburini, mpaka leo anawafuata nyuma, wachezaji wanamwekea nyama, sijui nitamfanyaje.

SWALI: Kwani dadu ni lazima? Mi naona msimulizi mzuri angeamua tu kwa busara.
(Bila dadu)

JIBU: Sio lazima, na ubishi wako ni wa zamani kuliko gemu zetu zenyewe. Maafisa wa jeshi la Prussia, dola la zamani la Ujerumani, walikuwa na mchezo wa vita wa mezani, Kriegsspiel ya Reisswitz ya mwaka 1824, una dadu na majedwali na mwamuzi katikati. Mwaka 1876 jenerali Verdy du Vernois akasema majedwali yanachelewesha watu, mwamuzi mwenye uzoefu aamue. Kwa hiyo pande zote mbili mna mababu. Kwenye mazungumzo kati ya wahusika mi mara nyingi siziulizi dadu kabisa. Lakini busara yangu ina mazoea, najijua, nikiachiwa mwenyewe kila mzee wa kijiji atakuwa na siri na kila mtoto atakuwa jasiri. Yule fisi wa kupenda watu nisingemwamua kwa busara hata miaka mia.

SWALI: (Kurasa nne, nafupisha.) Dadu yangu ya pande 20 ina laana, haijawahi kutoa 20 siku ninayoihitaji. Nimeibadilishia mfuko, nimeiweka juani, nimemwazima rafiki ikampa 20 mara mbili. Niitupe?
(Mwenye laana)

JIBU: Ihesabu kwanza. Irushe mara 200 na daftari pembeni, kila namba inatarajiwa kuja kama mara 10. 20 ikija mara 6 au mara 14 hiyo ni kawaida kabisa, usinipigie kelele. Ikija mara 1 tu halafu namba iliyo upande wa pili wake ikaja 22, hapo tunaweza kuanza kuishuku dadu yenyewe, na kwenye dadu nyingi za 20 namba ya upande wa pili ni 1, maana zinazotazamana zinajumlishwa kuwa 21. Ukikuta iko sawa, rudisha mfukoni, na huyo rafiki usimwazime tena.